Chumvi Kwenye Kokteli ya Baba

Shangazi mpendwa,

Hili sijamwambia mtu: tangu augue, Baba hasikii ladha. Nimemaliza shule, sasa naosha glasi kwenye baa anakochanganya vinywaji. Jana meneja alitaka kokteli ya zamani ya wiski na sukari, safari hii kwa wiski ya Ayalandi. Badala ya sukari, Baba akatia chumvi tunayopaka kwenye midomo ya glasi. Akaonja, akasema, "Tamu kweli!"

Alipogeuka, niliimwaga nikachanganya nyingine: wiski, sukari, ganda la chungwa.

Meneja akaonja. "Mzee, kumbe hujachuja!"

"Nichuje mimi ni majani ya chai?" Baba akacheka.

Kazi hii ndiyo iliyobaki kumwinua kitandani. Tafadhali usimwambie yeyote, hasa yeye mwenyewe.

Mwanao,
Kimya