Gunia la Mhina

Hajira, nina hasira!

Si unaijua ile kamera niliyofunga ndani ya sanduku la ndege, pale kwenye mpera? Leo niko dukani Segera, nafungua simu niwaone makinda, giza tupu! Nasikia wanalia tu.

Nimerudi mbio Korogwe, nakuta sanduku limefunikwa gunia, limekazwa na kamba. Jirani yangu Mhina huyo! Eti, "Kamera yako inatuchungulia bafuni."

Bafuni! Kamera iko NDANI ya sanduku, Hajira! Inatazama kiota!

Makinda wote wamekufa kwa joto na kukosa hewa. Namwonyesha, ananijibu, "Sasa unalilia ndege?"

Mama yao bado ametua ukutani kwenye bafu la Mhina, mdudu mdomoni. Sasa ndiyo Mhina anachunguliwa kweli.