Baba, Jina Lako Limebaki na Mimi Peke Yangu

Mpendwa baba,

Tangu tukuzike, watu wa Amu, mji wetu huu wa Lamu, wanakutaja kuliko ulipokuwa hai, na jina lako bado wanalikosea. Pobjoy liliwashinda tangu siku uliposhuka gatini, kijana wa Kiingereza mwenye shingo iliyobabuka kwa jua. Wao walisikia Popo. Bi Zena, jirani yetu, hakuisha kukutania: "Ina gani hili, Bwana? Popo si nyuni, si nyama!" Nawe, uliyekwisha kusilimu na kuoa papa hapa, ulikasirika kweli. Nadhani lilikuchoma kwa sababu, kama popo asiye ndege wala mnyama, hata wewe hukujua bado uko upande gani.

"Ni kasuku, si popo," ulimjibu. Ukanisimulia barazani kwamba kwenu zamani walichonga kasuku wa mbao, wakamtundika juu ya mti mrefu, wakamlenga kwa mishale. Mshindi aliitwa kwa jina la ndege huyo, lililokuja kuwa Pobjoy, na wajukuu wakalirithi. Neno lenyewe Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na asili yake ni kwa Waarabu. Siku moja ulimwomba maalimu wangu wa madrasa aseme kasuku kwa Kiarabu. "Babaghaa," akasema. Ukamtaka aseme upesi, upesi zaidi, mpaka likakaribia Pobjoy, sote tukavunjika mbavu. "Umesikia, mwanangu? Jina langu lilitoka huku."

Ulipofariki, kipaza sauti cha msikiti kilimtangaza Yusuf, jina ulilosilimia. Watu wakaulizana, Yusuf yupi? Bi Zena akatoka mlangoni kwake analia: "Ni Popo wetu!" Kichochoro kizima kikajaa watu. Baba, ulikuwa wetu. Natamani ungeisikia sauti ile.

Lakini hukuwa na ndugu, na mtoto wako ni mimi tu. Mimba hii niliyo nayo ni ya mume wangu, Omari, na mtoto ataitwa kwa baba yake, ndivyo ilivyo. Ulikuwa ukinitania kwamba jina lililovuka nchi zote hizo litakuja kuishia jikoni kwangu. Nilicheka. Sasa linaniuma, baba, na sina wa kumpa.

Jana kliniki, muuguzi mgeni alitoka mlangoni na kadi yangu, akaita bila kukosea, "Pobjoy!" Nilimsikia vizuri. Nikanyamaza, ili aite tena.

Pumzika, baba. Wa kuitika bado yupo.

Bintiyo wa pekee