Chungu cha Shaba Kilicholala Njaa

Nakuru, 3 Machi 1956

Dada Akoth,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni kifua tu kinanisumbua kwa vumbi la huku. Magoti yako yanasemaje? Na watoto?

Nimesikia unataka kuacha kufinyanga, eti soko la Sondu siku hizi linataka sufuria tu. Habari hiyo imeniuma. Basi ngoja nikuambie.

Huyu mzee Mzungu ninayempikia, Bwana Pelham, ana chungu cha shaba kutoka Uchina. Kina miguu mitatu na masikio mawili, kimezeeka mpaka kimekuwa kijani, na tumboni kuna uso wa mnyama mwenye macho makubwa. Ukipita na sinia anakuangalia! Bwana anasema kina miaka elfu tatu. Wakulima walikifukua kaburini wakichimba kisima, mchuuzi wa Peking akakinunua, akamwuzia daktari, na mjane wa daktari akamwuzia Bwana alipokuwa kijana huko. Lakini sikia hili: kilianzia kwenye udongo. Mafundi wake waliufinyanga ukawa kalibu, wakamimina shaba iliyoyeyuka ndani yake, kisha wakauvunja. Sufuria gani itadumu hivyo? Usiache kazi yako, dada.

Ndugu yako mdogo,
Ogola

Sondu, 20 Mei 1956

Mdogo wangu Ogola,

Hatujambo, Mungu yupo. Magoti ni yale yale. Anayeniandikia ni Mwalimu Kosgei, na anacheka, kwa hiyo mwandiko ukipinda usinilaumu mimi.

Nimesomewa barua yako mara mbili. Hao walikuwa mafundi kweli. Kuvunja udongo wako kwa mkono wako, huo ni moyo. Mimi chungu kikipasuka motoni nanuna siku nzima. Ila umekisifu weee, na wewe ni mpishi, hukuniambia humo hupikwa nini. Hao wote walionunua na kuuza, nani alikula humo mwisho? Mwulize Bwana wako. Changu hakitoki hapa kabla sijakipikia uji kikazoea moto. Chungu cha kutazamwa tu kinalala njaa.

Na vyangu ndivyo vilivyo sasa, vimejaa nyumbani, hakuna anayenunua. Tukimaliza kuvuna nakwenda Kericho kuchuma chai. Nimechoka, ndugu yangu.

Dada yako,
Akoth

Nakuru, 11 Novemba 1956

Dada yangu,

Pole kwa kimya. Bwana aliugua, nami sikupata nafasi. Naomba barua hii ikukute kabla hujaondoka.

Swali lako nililiogopa. Mpishi atamwulizaje Bwana jambo kama hilo? Lakini aliposema anarudi kwao, na chungu kinakwenda jumba la makumbusho kukaa ndani ya kioo, nikamwambia: dada yangu mfinyanzi anauliza nani alikula humo mwisho. Akageuka kukitazama chungu. Nikajua kazi yangu imekwisha, nikarudi kumenya viazi.

Jumamosi akaja jikoni bila fimbo yake ya kutembelea, chungu amekikumbatia. Akasema, "Ogola, pakua nyama humu." Nikasema kitaharibika. Akajibu, "Miaka thelathini nimekipangusa vumbi tu. Pakua."

Kukiweka motoni sikuthubutu. Nilikiosha kwa maji moto, nikapakua kondoo na mchuzi wake. Dada, mvuke ulipopanda kati ya yale masikio nilisimama na mwiko mkononi kama mjinga. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Tulikula meza moja, Bwana, mimi na Kiptanui wa bustani, na Bwana, ambaye tangu augue alikuwa hataki chakula, akaongeza mara mbili. Akanituma nikuambie kwamba waliokula mwisho ni sisi watatu.

Jumatatu kilifungwa sandukuni, kikapelekwa stesheni. Naye ameshaondoka. Mimi nimepata kazi katika hoteli ndogo mtaa wa Bondeni, hapa hapa Nakuru. Je, umekwenda Kericho?

Ndugu yako,
Ogola

Sondu, 2 Februari 1957

Ogola,

Mzima? Sisi wazima.

Nilikwenda. Barua yako ilinifuata huko kwenye chai, nikasomewa na mwanamke mmoja wa kwetu tukiwa tumekaa juu ya vikapu, na wote wakataka isomwe tena. Walikuwa wakiuliza juu ya mchuzi. Mimi nilikuwa nikilia, sikuficha.

Nimerudi nyumbani. Mwezi mzima nimekuwa kwenye udongo mpaka viwiko. Chungu kimoja nilikipa miguu mitatu, kikapasuka. Cha pili kikapasuka, mama mkwe akasema nimerogwa. Cha tatu kimesimama. Uji nimeshakipikia.

Naja nacho kwa treni kutoka Kisumu wiki ijayo. Tafuta nyama ya kutosha. Usiniitie watu wa kukitazama, Ogola. Niitie wenye njaa.

Dada yako mfinyanzi,
Akoth