Ufunguo Mfukoni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima wa kifua na magoti, na lile sikio la kushoto lisiwe limezidi kuziba. Huku mimi na mume wangu, mkwe wako, tunapumua, na mama macho yake yamepona kabisa. Samahani kwa mwandiko. Najua utasema kuku amekanyaga wino, lakini naandika kwa mkono wa kushoto, na sababu yake utaiona mbele. Hicho kigumu unachokihisi ndani ya bahasha usikitoe kwanza. Soma mpaka mwisho.

Ningekupigia simu, ila wewe na simu mnajuana. Mimi nasema hili, wewe unajibu lile, kisha unaniombea heri na kukata. Jambo hili halitaki kusikika nusu. Ndiyo maana mkwe wako amepanda basi kukuletea bahasha mkononi, na nimemwambia asibanduke hapo mpaka umalize kusoma mbele yake. Baba, ninaogopa. Nimeona niseme mapema, usije ukadhani ninazunguka mbuyu.

Umekuwa ukiuliza kwa nini mama harudi nyumbani. Nilikujibu kwamba daktari wa macho anataka amwone tena, na kwamba mkono wangu uliteguka nilipoteleza bafuni. Yote mawili si kweli. Daktari alishamruhusu. Mama harudi kwa sababu hathubutu kukutazama usoni, na mkono wangu uliumia chini ya gari.

Lile gari letu la umeme uliliona kwenye picha tu, ukasema halina sura ya kuaminika. Mama naye siku ya kwanza alisema gari lisilonguruma ni kama mkwe asiyesema, hujui lini amekasirika. Lakini baadaye alilipenda kwa ubaridi wake. Daktari alikuwa amemkataza mwanga mkali, basi jua likichachamaa mkwe wako humwashia kile kipoza hewa, naye hukaa kiti cha mbele na miwani yake myeusi, kama mheshimiwa anayesubiri msafara.

Sasa kitu kikaanza kugonga chini ya gari, mbele upande wa kushoto. Mkwe wako alitaka tulipeleke gereji. Nikamcheka. Nilimuuliza mtoto wa mvuvi hununua samaki wapi. Nikatoa ile jeki uliyonipa siku ya harusi yangu, wakati wenzangu wanapewa mapazia na seti za vikombe, nikasoma maandishi yake ubavuni nihakikishe inaumudu uzito. Maana gari hili ni zito baba, sakafu yake yote ni betri. Jeki huwezi kuiegesha popote ukaanza kupampu. Ukikosea ukaminya tumbo la betri, linaweza kushika moto ambao ndoo za maji haziufanyi kitu. Ziko sehemu nne tu chini ya mbavu za gari zilizowekwa kwa ajili ya jeki. Nilisoma kitabu chake, nikazipapasa kwa vidole hadi nikazijua, nikakata kipande cha mpira wa tairi kuukuu na kukilaza juu ya kichwa cha jeki ili chuma kisigusane na chuma. Niliyoiogopa ni ile betri. Hofu yangu yote niliielekeza huko, na huko hakukuwa na neno.

Mengine nilifanya kwa mazoea yako. Uwanja wetu wa saruji una mteremko kidogo kuelekea getini, na gari lilikuwa limeipa nyumba uso, kwa hiyo nikachomeka kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma. Nikainua. Nikafungua gurudumu na kulilaza chini ya ubavu wa gari, ingawa tangu utotoni nilikuwa nanung'unika kwamba kulilaza pale ni kazi ya bure. Ufunguo nikautia mfuko wa ovaroli.

Hapo mama akatokea na miwani yake, jua limemchoma, akauliza kama anaweza kuingia garini nami nikiwa kazini. Baba, nikamjibu, "Ingia tu mama, ufunguo ninao mimi."

Wewe unajua kwa nini nilijibu hivyo. Gerejini kwako wateja walikuwa wakikaa ndani ya magari yao wanasoma magazeti, wewe uko chini yake umelala chali, na hakuna aliyeona ajabu. Tangu yule fundi mwenzako avunjwe mbavu na mteja aliyewasha gari kwa haraka zake, uliandika ukutani kwa rangi nyekundu: UFUNGUO MFUKONI, ROHO MAHALI PAKE. Mimi nilijifunzia kusoma kwenye ukuta ule, enzi ulipoanza kuniita Spana Ndogo.

Mama akaingia, akafunga mlango. Mimi nikajilaza, nikaingiza kichwa na bega, stendi ya chuma ya kulishikilia gari iko mkono wa kulia, nikitafuta mahali pa kuikita kabla sijaanza kuchunguza. Sikusikia kitu. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Gari la kawaida lingekohoa, lingetikisika, ningejivuta nje. Hili halikusema neno. Niliona tu jeki inalala upande, taratibu, kama mtu anayesinzia kwenye mkutano, na gari linakwenda mbele huku mimi niko chini yake. Kisha kishindo.

Nilipofumbua macho chuma cha breki kilikuwa mbele ya pua yangu, nikisikia joto lake shavuni. Gari lilikuwa limekaa juu ya lile gurudumu nililolilaza. Ile kazi ya bure, baba, ndiyo iliyobaki kati ya kichwa changu na gari zima. Mkono wa kulia ulibanwa kati ya stendi na ringi. Mama kwa kushtuka alikanyaga breki, gari likasimama, akapiga ukelele mmoja tu. Mkwe wako alitoka jikoni mbio na taulo begani, akamtoa mama garini, akaniinulia gari kwa ile jeki na kunivuta. Hospitali walisema mfupa una ufa, wakanifunga plasta, nami nikawashukuru kana kwamba wamenipa zawadi.

Mimi nitapona. Ninayemhofia ni mama. Chakula anakichezea tu. Akitaka kwenda kuanika nguo anazunguka nyuma ya nyumba asipite karibu na gari. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini mama anashtuka hata kwa mikono yake mwenyewe. Juzi nilimkuta ameikunjua mapajani anaitazama, akaniambia, "Mikono hii ndiyo iliyokulea, na ndiyo iliyotaka kukuzika." Akaniapisha nisikueleze. Anasema kama ufunguo nilikuwa nao mimi na gari likaenda, basi lazima yeye ndiye aliyeshika kitu ambacho binadamu hashiki.

Kiapo hicho nimekivunja, baba, kwa sababu nimekwishajua gari lilikwendaje, na siwezi kukaa nalo moyoni.

Ufunguo wa gari hili hauchomekwi popote. Ni kidude cheusi, mfano wa kipande cha sabuni. Gari linauhisi tu ukiwa karibu, na ukiwa karibu, mguu mmoja kwenye pedali ya breki unatosha kuliamsha. Halina habari ufunguo uko mfuko wa nani, wala kama mwenye mfuko amekaa kitini au amelala chini. Mama alikanyaga pedali akijiweka sawa, akasukuma kijiti kilicho kando ya usukani akitafuta ubaridi wake, kumbe ndicho gia, akaachia mguu. Ni hayo tu aliyofanya. Aliyeliwasha gari ni mimi niliyelala chini yake na ufunguo mfukoni, na aliyenifundisha kuuweka hapo ni wewe.

Sikulaumu. Neno lile ukutani limewarudisha watu wengi nyumbani kwao wakiwa wazima. Lakini magari yamegeuka na ukuta haujageuka. Juzi kwenye simu ulijisifu kwamba Jumamosi daktari wa mifugo anakuletea gari lake la umeme, la kwanza kuingia gerejini kwako. Tangu hapo sina usingizi. Nakuona umeutia ufunguo mfukoni, ukamkaribisha daktari akae ndani asome gazeti lake, ukaingia chini na sikio lako hilo, chini ya gari ambalo hata mwenye masikio mazima halisikii. Nakuomba kwa machozi baba. Ufunguo upelekwe mbali, ng'ambo ya barabara. Asikae mtu ndani, hata awe nani. Kabari ziwe mbele na nyuma, mimi niliweka nyuma tu. Na gurudumu uendelee kulilaza kama ulivyotulea.

Kuhusu mama, nimemweleza haya yote mara nyingi. Anatikisa kichwa, anasema namfariji tu kwa kuwa ni mwanangu mpole. Mimi sina uzito huo. Ataamini akiambiwa na aliyeandika ukuta.

Wasalimie vijana wa gereji wote, na yule jirani mshonaji mwambie shati la mkwe wako bado linadunda. Mama hajui kwamba nimeandika, kwa hiyo salamu zake nazikopa.

Sasa kitoe hicho kigumu bahashani. Huo ni ufunguo wa gari letu. Nimeuhamishia kabatini, nikauhamishia darini, nikaufukia kwenye pipa la mchele, na kila mahali nimeona bado uko karibu. Nimeutuma kwako, safari ya kutwa nzima kutoka lilipo gari. Futa ukuta kwanza, kisha uje nao mwenyewe, umkabidhi mama mkononi na umwambie ulikuwa mfukoni mwa nani, na kwa fundisho la nani.

Mwanao mwenye hofu,
Spana Ndogo