Kitabu cha Johannesburg Nilichomchagulia Baba

Jumapili, mwezi wa tatu unaishia. Mbinga mjini.

Ukungu haujanyanyuka tangu asubuhi. Nimerudi kutoka kijijini saa kumi na moja jioni, nguo zimelowa chapachapa, na dereva wa bodaboda aliwasha taa njia nzima. Sijala. Naandika sasa hivi kwa sababu nisipoandika leo, kesho nitajidanganya tena.

Mnaopita kwenye ukurasa wangu huu mmezoea kunikuta nalalamika kuhusu madaftari ya kidato cha pili na wali wangu unaoungua kila Jumamosi. Leo hakuna mzaha. Leo nakiri.

Nilimchagulia baba yangu kitabu kibaya, na nilijua ni kibaya wakati namkabidhi.

Mdogo wangu Longino ana miaka mitatu Sauzi, mjini Johannesburg. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya misa. Baba alikuwa anapanda kilimani nyuma ya kanisa la kigango, mahali pekee mtandao unaposhika, anaweka sauti kubwa, na nusu ya jumuiya inasimama kumsikiliza Longino akiulizia mbuzi wake. Tangu Krismasi hatujasikia sauti yake. Zinakuja meseji tu. Ukipiga, inaita mpaka inakatika yenyewe. Baada ya muda kidogo meseji inaingia: "Niko kazini, Baba, niandikie."

Niandikie! Longino huyu huyu ambaye hata barua yake ya posa niliiandika mimi.

Mwezi wa pili ikaja nyingine: "Mmemaliza kuvuna kahawa?" Mwezi wa pili, jamani. Kahawa bado mbichi mtini, hata mtoto wa chekechea huku Umatengo anajua. Baba alinisomea meseji ile kwa simu nikiwa ofisi ya walimu. Nikamwuliza anaionaje. Akasema mtu akikaa sana mjini anasahau majira. Nikakubali. Nilitaka kukubali.

Ya tatu ilikuwa fupi. "Njoo, Baba. Nitakupokea stendi. Njoo peke yako." Chini yake jina la mtaa.

Baba ana miaka sabini na moja. Ni katekista mstaafu, na safari yake ndefu kuliko zote iliishia Songea. Kabla hajaamua kwenda yeye, aliniomba niende mimi. Nina pasipoti, Kiingereza ndicho ninachofundisha, ndicho kinachoniweka mjini, sina mtoto mdogo wa kuacha. Nikamwambia shuleni kuna mitihani, siwezi kupata ruhusa.

Hakukuwa na mitihani. Niliogopa. Nilikuwa nimeshajiona nimesimama kwenye stendi ile, mtu nisiyemjua ananijia akiwa na simu ya mdogo wangu mkononi.

Baba hakubisha. Alisema tu, "Basi nitafutie kitabu kinachoeleza mji ule. Nikisome kabla sijaukanyaga." Ndivyo alivyo. Kwake, jambo lisiloandikwa ni uvumi. Kiingereza chake ni cha kuokoteza kwa mapadre wa zamani, lakini ramani anaisoma vizuri kuliko mimi.

Kuna muuza vitabu vya mitumba hapa mjini, karibu na soko. Wageni wanaojitolea wakimaliza muda wao huacha vitabu, na vingi vinaishia kwake. Nilimkuta na viwili vya Johannesburg. Kimoja kinene, cha miaka mingi nyuma, picha za rangi kila baada ya kurasa mbili na ramani kubwa ya kukunjua. Kingine chembamba, kipya kidogo, karatasi za kawaida, picha chache.

"Mwalimu, chukua kinene," aliniambia. "Kitabu ni kurasa. Hicho kingine kinakutisha tu."

Nilisimama pale nikivilinganisha. Katika kile kinene, mtaa wa kwenye meseji una mikahawa, jumba la sinema, na duka la maua kwenye kona. Katika kile chembamba, mtaa huo huo umepakwa rangi ya kijivu kwenye ramani, na pembeni kumeandikwa kwamba mgeni asiende hata mchana, hata akiwa na mwenyeji. Kurasa mbili mbele kuna onyo jingine: ukifika stendi, usimfuate mtu aliyekuja kukupokea kama hujasikia sauti yake mwenyewe kwenye simu.

Nilisoma onyo lile mara mbili. Nikakirudisha kitabu kwenye rundo, nikakifunika na kitabu cha mapishi, nikachukua kile kinene.

Kwa nini? Nimejiuliza wiki mbili. Kama Baba angesoma kile chembamba, asingekwenda. Na kama asingekwenda, angenigeukia tena mimi. Hiyo ndiyo kweli yenyewe, mbichi, sina namna ya kuipika.

Baba alikipenda kile kinene kama mtoto. Tena akafanya jambo ambalo lilinitoa usingizi kabisa. Mwezi huu kwetu ni wa kuandaa ngolo za maharage. Mwanaume anafyeka majani na kuyalaza kwenye mteremko kwa mistari inayokatana, inabaki miraba miraba. Mwanamke anafuata, anachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo wake. Yale mashimo yanashika maji ya mvua, mlima haukimbii. Babu zetu walilima hivyo, na milima bado ipo.

Mwaka huu Baba alilaza majani kwa kufuata ramani ya Johannesburg.

Nisiwafiche, nilipofika na kuona nilicheka. Jiwe kubwa la juu ni stendi. Mti wa mparachichi ni kanisa kuu. Mzee wa watu anatembea katikati ya majani na kitabu kifuani, anahesabu kona kwa sauti, kushoto, kulia, kushoto tena, majirani wanapita wanaulizana kulikoni kwa katekista. Mama hakucheka. Alisimama na jembe lake juu ya barabara moja ndefu iliyonyooka kutoka jiwe mpaka bondeni, akasema, "Hii haina mraba. Maji yatashikwa na nini?" Baba akamwambia afukie hivyo hivyo, mwaka mmoja tu. Akafukia.

Alhamisi ikanyesha mvua ya mawe. Leo nimeiona ile barabara. Imekuwa korongo. Udongo wote mweusi umeteremka, umekwenda kukaa mtoni, na pale ilipokuwa barabara kuna mfereji unaofika magotini. Mama amesimama ukingoni na kanga yake kichwani, hakuniitikia salamu vizuri. Akasema tu, "Ukiona hivi, mwanangu, kuna jambo." Mimi ni mtu wa darasani, siamini dalili. Lakini nilikaza koti langu kifuani.

Maana jana nilikuwa nimerudi kwa yule muuza vitabu. Kitabu chembamba kilikuwa bado pale pale nilipokificha. Nilikuja nacho leo kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya koti, nikiwa nimeshaamua. Baba anasafiri Jumatano, pasipoti yake imeshatoka. La kuvunda halina ubani, na mimi nilikuwa naunukisha uvundo kwa picha za rangi.

Nilimkuta barazani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Nikafungua kitabu kabla sijakaa sawasawa. Nikamsomea ukurasa wa mtaa, nikautafsiri neno kwa neno. Nikamsomea onyo la stendi. Halafu nikamwambia yote. Kwamba niliviona vyote viwili. Kwamba nilichagua. Kwamba mitihani ilikuwa uongo. Nikawa naongea haraka haraka kama mwanafunzi aliyekamatwa na karatasi ya majibu.

Nilitegemea anifokee. Ningefurahi kama angenifokea.

Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena.

"Otilia," alisema, "ulidhani mimi sijui majira ya kahawa?"

Nikafunga kitabu.

"Anayeandika si Longino," alisema. "Nilijua siku ile ile. Sikutaka mama yako ajue. Lakini simu ya Longino anayo yeye. Sina mtu mwingine wa kumwuliza mwanangu yuko wapi. Kama ni mwizi, nitamwuliza mwizi."

Yesu na Maria! Wiki zote hizi nilidhani namdanganya mzee, kumbe mzee ndiye alikuwa ananionea huruma. Anakariri mitaa, anafukia majani, anapanga begi, na anajua kwamba stendi hakuna mtoto wake. Nilimtazama mikono, ile mikono iliyotupaka majivu ya Kwaresima wote kijijini, nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

Kisha akavishika vitabu vyote viwili, kimoja mkono huu, kingine mkono huu, kama anapima uzito.

"Sasa nichagulie vizuri," alisema. "Kipi kinaonyesha hospitali zote? Na pale wanapoweka maiti wasio na ndugu?"

Matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati. Nikasema chembamba. Chembamba kina kurasa za dharura mwishoni. Nikasema na jambo jingine, lilinitoka lenyewe kabla ya woga kulidaka: "Tunakwenda wote, Baba. Sikuachi peke yako."

Hakunishukuru, na nashukuru kwamba hakunishukuru. Alisema, "Sawa," akachukua daftari lake la mafundisho, akageuza mpaka ukurasa mtupu. "Basi soma polepole. Naandika."

Nikasoma hospitali ya kwanza. Akaandika, kwa ule mwandiko wake mkubwa wa ubaoni, namba moja. Nikasoma ya pili. Ndipo tukasikia Mama.

"Anzeni na magereza."

Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono ina unga. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Baba akashusha kalamu. Hakuna aliyethubutu kumtazama usoni.

"Gerezani mtu anaandikwa jina," Mama alisema. "Anapewa chakula. Anzeni huko. Hizo nyingine mtaandika baadaye."

Baba akachora mstari juu ya zile hospitali mbili. Akageuza ukurasa. Mimi nikapekua kitabu mbele, nikapekua nyuma, nikapitia orodha yote ya maneno ya mwishoni, herufi kwa herufi. Ni kitabu cha watalii, jamani. Gereza lililomo ni moja tu, na lilifungwa zamani. Siku hizi ni makumbusho, watu wanaingia kwa tiketi kupiga picha.

Ningeweza kutaja jina tu na kunyamaza. Ulimi ulikuwa umeshajiandaa. Nikawaambia lilivyo, kwamba hakuna mfungwa hata mmoja ndani yake.

Mama alifikiri kidogo, akajifuta unga kwenye kanga.

"Andika hilo hilo," akamwambia Baba. "Wa pale watajua mengine yaliko."

Baba akaandika.