Ukurasa Ambao Sikuupiga Picha

Ijumaa, Gatongora. Manyunyu tangu asubuhi, na hii baridi ya Julai imeniingia hadi kwa mifupa. Nguo za juzi bado ziko kwa kamba.

Wacha niseme ukweli, maana hapa hakuna mwalimu mwenzangu wa stafurumu anayesoma. Nina wivu. Si wivu wa kugombania mwanamume. Namwonea wivu Mwalimu Kirimi, kijana wa intern, mwalimu wa majaribio, aliyeletwa shule yetu kule Thika mwaka huu kufundisha Social Studies gredi ya saba.

Mimi nafundisha CRE, somo la dini ya Kikristo, darasa hilo hilo. Nina miaka kumi na mbili kwa somo hilo. Naingia na chati yangu ya siku sita za uumbaji, watoto wananakili wakipiga miayo. Kipindi kinachofuata anaingia Kirimi na udongo wa kufinyanga, anawafunza asili ya binadamu, mafuvu na mifupa ya zamani, na kelele zao zinanifikia stafurumu. Kengele ikilia hawataki atoke.

Hilo ningelimeza. Lakini binti yangu Wanja yuko darasa hilo. Huyu mtoto alikuwa ananiuliza kila kitu, kutoka mbona kuku hana meno hadi Mungu hulala saa ngapi. Siku hizi ni "Mwalimu Kirimi amesema." Tukichambua sukuma wiki, Kirimi. Tukienda kanisa, Kirimi. Fuvu alilofinyanga ameliweka kwa dirisha la jikoni, kando ya sabuni ya vyombo, na kila nikiosha sufuria linanitazama.

Nilichoka.

Jumapili Wanja akiwa sande skuli, nilifungua daftari lake la Social Studies nikapiga picha ukurasa wenye mchoro wa wale viumbe wanaoinuka polepole mpaka wanasimama wima kama watu. Nikamtumia Mama Brayo, mzazi mwenzangu ambaye najua hawezi kukaa na kitu bila kukisambaza. Nikaandika tu, "Ona vile watoto wetu wanafunzwa." Kabla chai yangu ipoe, picha ilikuwa kwa grupu ya wazazi. Mmoja akasema watoto wanaambiwa babu yao ni nyani. Mwingine akataka kujua huyo mwalimu anaabudu wapi. Mimi nikanyamaza, kama mtu mzuri.

Leo mwalimu mkuu aliita mkutano wa wazazi na walimu. Kirimi alisimama na shati lake la kila Ijumaa, akasema anafuata kitabu cha serikali. Kwamba amewafunza hadithi ya Gĩkũyũ na Mũmbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu, amewafunza mifupa iliyochimbwa Turkana, na mambo ya Edeni amewaambia wamuulize Madam wa CRE, kwa sababu anayajua kumshinda. Kisha akanitazama, akingoja nimtetee.

Niliangalia viatu vyangu.

Wameamua aiache hiyo mada kwanza, na ripoti yake ya intern "itaangaliwa". Mama Brayo alinifinya mkono tukitoka. Nilidhani nitasikia furaha. Nilisikia aibu, na njaa.

Tukirudi nyumbani Wanja alikaa kiti cha nyuma cha matatu, mbali nami. Picha ameiona, darasa lote limeiona. Na lile doa la chai kwenye kona ya ukurasa analijua, kwa sababu ni mimi niliyeimwaga hiyo chai. Nikiwa nakata vitunguu ameleta lile daftari, amelifungua na kuliweka mbele yangu.

"Mami, huu ukurasa hukuupiga picha."

Amerudi chumbani. Mlango ameufunga polepole. Heri angeubamiza.

Ni ukurasa unaofuata ule mchoro. Juu ameandika, Maswali ya kumuuliza Mami. Yako manne. Siku za Mungu zilikuwa na masaa mangapi? Adamu alikuwa na kitovu? Mtu anaweza kumwamini Mungu na pia aamini mifupa? La nne amejaribu kulifuta lakini linasomeka: Mami atakasirika nikiuliza?

Tarehe ni ya wiki tatu zilizopita. Wiki tatu zote mimi nilikuwa nikinuna kila akitaja Kirimi, na yeye alikuwa akingoja nikae vizuri aniulize.

Yale matatu ya mwanzo sina majibu yake, hata na hiyo miaka yangu kumi na mbili.

Jumatatu, kabla ya paredi, nitaingia ofisini kwa mwalimu mkuu nimwambie ile picha niliipiga mimi. Kirimi atajua, na stafurumu yote itajua. Naogopa sana. Lakini hiyo ni Jumatatu. Saa hii vitunguu vimeungua, na naenda kubisha mlango wa mtoto wangu.

Nitaanza na la nne.