Filimbi ya Baba Imelia Kamina

Base, Kamina

Kwako Yaya Mwadi, dada yangu mkubwa, wewe uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea,

Nakusalimu wewe na mama, na wote mlioamka salama huko Kabalo. Mguu wa mama unaendeleaje? Bado anaufunga kitambaa, au sasa anaukanyagia? Mke wangu na watoto hawajambo. Unga wa muhogo umekuwa adimu na bomba la kambi limekauka tena, lakini tunakula na tunalala. Bado natengeneza malori ya jeshi.

Barua yako nimeipata. Unauliza neno moja tu: nitakuja kumaliza kilio cha baba, tuondoe matanga, au nitakosa kama nilivyokosa maziko? Ruhusa ya maziko ilitoka baba akiwa ameshazikwa, hilo unalijua. Ya sasa nimepewa. Kinachonizuia ni kingine, na nakuambia wewe peke yako. Yaya, sijalia. Tangu habari ilipofika moyo umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Nakula bukari ya muhogo, nafunga boliti, wenzangu wakicheka nacheka. Naogopa kuingia uani kwa mama na macho makavu, mbele ya shangazi zetu wanaotazama kila anayelia na asiyelia. Mtoto wa kiume asiyemlilia baba yake, watasema ndiye aliyemla kwa uchawi.

Basi badala ya kulia nimekuwa nikienda kuangalia gari la moshi. Nina kamera niliyoachiwa na mwalimu mmoja wa makanika aliporudi kwao. Jumapili baada ya misa napanda baiskeli hadi mjini, nyuma ya karakana ya reli, ilipo mashine moja ya moshi iliyobaki, aina ile ile aliyoendesha baba. Nyasi zimeota kati ya magurudumu na kuku wanataga chini yake. Nimeipiga picha mbele, nyuma na ubavuni. Mlinzi mwanzoni alitaka kunikamata kama mpelelezi, sasa ananishikia baiskeli. Mke wangu anasema nimeoa mke wa pili, tena mwenye kutu.

Jumapili iliyopita mafundi wa reli waliisafisha, wakaiwasha. Wazungu kadhaa wapenzi wa treni za zamani walikuja kutoka mbali, wakaomba kuiona ikitoa moshi. Watu hawa wana namna yao: treni inawashusha kando ya reli, inarudi nyuma mpaka isionekane, halafu inakuja tena kwa kishindo ili waipige picha. Kisha inarudi tena. Kina mama wauza maharagwe walicheka mpaka wakachoka.

"Treni gani hii," alisema mmoja, "inaenda, inarudia, haifike hata fasi moja?"

Mimi nilisimama na kamera yangu kati ya wageni. Sikucheka.

Dereva alikuwa mzee. Mashine ilipokuwa ikijazwa maji nilimsogelea, nikamsalimu, nikamtajia jina la baba.

"Weye njo mutoto yake?" aliniuliza. "Minyi nilikuwa natia makaa ku mashini yake, kule Kabalo. Iko muzima?"

"Alikufa, muzee. Walimuzika wakati ya mvua."

Alivua kofia. Akatazama moto. "Ngoja kiloko," akasema. "Enda pale, usimame na bale bazungu."

Treni ilirudi nyuma ikapotea kwenye kona. Nikaweka jicho kwenye kamera. Halafu ikapiga filimbi: mbili ndefu, na moja fupi iliyokatwa ghafla. Yaya, ilikuwa filimbi ya baba. Unakumbuka, kila dereva alikuwa na yake ili mke wake aijue. Baba aliipiga akifika darajani, na mama alisema, "Kasongo, ndoo," nami nikakimbia bombani, kwa sababu baba hakumsalimia mtu kabla hajaoga na kutoa masizi.

Sijui nilifanyaje. Nilipojitambua, kamera ilikuwa chini kwenye nyasi, na mimi nimeshika ndoo ya mmoja wa wale kina mama, nakwenda mbio kuelekea bomba la kituo. Mwenye ndoo alinifuata.

"Papa, unapelekea nani maji?"

Treni ilikuwa imeshapita. Nilisimama pale na ndoo tupu, na hata hapo sikulia. Lakini niliumia, Yaya, hapa kifuani, mara ya kwanza tangu baba atuache.

Kwa hiyo picha ya treni ikienda sina. Nakutumia ile ya mashine imelala kwenye nyasi. Mwonyeshe mama, ataitambua.

Nisalimie shemeji, mumeo, asiyechoka kunitania, na mjomba mshona nyavu. Msalimie pia shangazi mkubwa, pamoja na macho yake. Nitakuja. Mwambie mama asinitafute kwenye mkeka wa wanaolia. Wageni wa kilio watakuwa wengi na watahitaji maji. Aweke ndoo mlangoni, aniite kama zamani.

Mdogo wako,
Kasongo